Aliyeachiliwa na Mahakama Aachiliwe na Cheti Pia

Kwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai, Mwanasheria Mkuu, Kamishna wa Kulinda Data, na waheshimiwa wabunge na maseneta wa Kenya.

Waheshimiwa,

Nina saiba ndogo, duka la huduma za intaneti, huku Kisauni, Mombasa. Kompyuta nne, printa moja, na benchi la mbao nje kwa wanaosubiri. Kinachonilisha hasa ni fomu. Mtu huja na simu isiyo na bando na kitambulisho mkononi, anasema, "Dada, nijazie ya tabia njema," yaani fomu ya kuomba cheti cha polisi ambacho waajiri hukidai. Namfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, analipa shilingi 1,050 kwa simu yake, yaani 1,000 za cheti na 50 za mtandao, kisha namchapishia fomu ya C24 ya alama za vidole, mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Hiyo karatasi moja naisisitiza kila mara, kwa kuwa nimeona mtu akirudishwa baada ya kupanga foleni asubuhi nzima, kisa alichapishiwa karatasi mbili.

Nje ya mlango naweka ndoo ya maji, sabuni ya unga na vipande vya ndimu. Wakishachukuliwa alama hupitia kwangu kuosha wino, maana vidole vyote kumi vimeviringishwa kimoja kimoja na wino umeingia hadi chini ya kucha. Pale kwenye ndoo ndipo watu husema yaliyo moyoni, na mengi ya yaliyomo kwenye barua hii nimeyasikia pale.

Nianze na cheti chenyewe, kwa sababu hata wengi wanaokidai hawajui kinasema nini. Jina la tabia njema limewaaminisha waajiri kwamba polisi wamemchunguza mtu, wakauliza majirani, wakapima adabu yake. Hakuna lolote la namna hiyo. Alama za vidole za mwombaji zinalinganishwa na zile zilizohifadhiwa katika kumbukumbu za wahalifu, ambazo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 imeikabidhi idara ya upelelezi kuzitunza. Zisipofanana na za yeyote, cheti kinatoka safi. Mwanamume anayempiga mkewe kila wiki na hajawahi kushtakiwa atapata cheti safi. Tapeli ambaye hajashikwa atapata vilevile. Sisemi hivi kukidharau. Mwajiri ana haki ya kujua kama mtu anayempa funguo za ghala aliwahi kufungwa kwa wizi. Nasema ili tukubaliane kwamba cheti kinajibu swali moja tu: je, vidole hivi viliwahi kuchukuliwa na polisi kwa ajili ya kosa? Na shida yote imo humo, kwa sababu vidole hupakwa wino mtu akiwa bado mshukiwa. Hukumu huja baadaye, na mara nyingi haiji kabisa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikamatwa usiku mmoja wa 2019 kwenye msako. Alikuwa na miaka 22, anatoka kutazama mpira na wenzake. Walipakiwa kwenye lori, wakalala seli, asubuhi wakachukuliwa alama na kushtakiwa kwa kuzurura. Akakana. Kesi ilitajwa mara tatu na waliomkamata hawakufika hata mara moja. Mara ya nne hakimu akaitupa chini ya kifungu cha 202 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ambacho kinasema mlalamishi aliyearifiwa siku ya kesi asipofika, mshtakiwa aachiliwe, isipokuwa mahakama ione sababu ya kuahirisha. Kuachiliwa huko si dhamana wala msamaha. Mtu anatoka mahakamani hana hatia. Dada alipika pilau siku ile, tukala tukijua yamekwisha.

Mwaka 2023 akapata kazi ya ulinzi wa usiku. Kampuni iliyomtaka ilimpa wiki mbili alete cheti. Nilimjazia mimi mwenyewe, sikumlipisha. Kilichorudi kilikuwa na rekodi: shtaka la 2019, bila neno lolote kuhusu mwisho wake. Basi mjiweke kwenye nafasi ya yule meneja. Mezani ana vyeti vingi, vingine vyote safi, na hiki kimoja kina kesi. Hakumpigia simu kumuuliza, na kusema kweli simlaumu sana, kwa kuwa karatasi ilikuwa na muhuri wa serikali.

Kijana akaanza kuhangaika. Alirudi mahakamani kutafuta faili lake, akaambiwa limeshapelekwa stoo. Siku ya kulipata akaambiwa aombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri. Wiki tatu zikaenda. Halafu akaelekezwa aipeleke Nairobi mwenyewe. Akapanda basi la usiku, akashinda huko, akarudi na basi la usiku. Kumbukumbu ilisahihishwa, nashukuru, na aliyemhudumia alikuwa mtu wa heshima. Lakini lindo lilikuwa limeshapewa mtu mwingine. Hakimu aliyemwachilia alijua matokeo. Mwendesha mashtaka alijua. Kituo kilichomkamata kilijua, au kilipaswa kujua. Karatasi ya kusema "huyu ameachiliwa" ilikuwa ya kusafiri kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine, na aliyeisafirisha, kwa nauli yake, ni kijana asiye na kazi.

Nilipomsimulia mama akaniambia haya ni yale ya kipande. Babu yangu wa kuukeni alitoka Kaloleni, akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kilindini. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande chake ndani ya kikopo cha bati, wengi wakikitundika shingoni: jina, alama za vidole, waliomwajiri, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Mwajiri wako asipotia saini kwamba amekuachilia, hukuweza kuandikwa kazi kwingine, ulihesabiwa mtoro. Mama anakumbuka babu akisimulia alivyokaa msimu mzima bila kazi kwa sababu bwana wake alipanda meli kwenda kwao bila kutia saini. Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, na wenzake walikipinga kipande hicho, na alipokamatwa Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe.

Cheti cha leo si kipande, na sitaki kuwasingizia. Mkenya wa rangi yoyote anakiomba kwa njia ileile na hakamatwi barabarani kwa kukikosa. Ila kile kilichomuumiza babu bado kipo: mwenye kalamu akisahau kuandika kwamba mambo yamekwisha, anayekosa riziki ni mwenye vidole.

Lakini hata mpwa wangu ana nafuu, kwa kuwa alikana. Wanaoniuma zaidi ni waliokubali. Mnajua inavyokuwa seli Jumatatu alfajiri. Wenzako wote wanakwambia, "Kubali tu, ulipe faini, uende nyumbani." Ukikana, kesi itaahirishwa, utatafuta dhamana, utapoteza siku za kazi. Ukikubali, unatoka saa sita mchana. Kuna msichana mmoja mteja wangu aliyekamatwa 2020 wakati wa kafyu, dakika chache baada ya saa moja jioni, akiwa anatoka kuuza mahamri na mbaazi, na beseni lake kichwani. Alikubali kosa, akalipa faini, akasahau. Kafyu ilianza 27 Machi 2020 na ikaondolewa 20 Oktoba 2021, sasa hata watoto hawaikumbuki vizuri. Yeye aliikumbushwa alipopata nafasi ya kwenda Omani kufanya kazi ya nyumbani, na cheti cha polisi kikawa miongoni mwa karatasi zilizotakiwa. Aliponijia alikuwa hajui kama lile neno moja, "nakubali," lilikuwa hukumu ya jinai. Alidhani faini ni kama ushuru wa soko, ukishalipa umemalizana nao. Na nani alimwambia vingine? Mahakamani hapakuwa na mtu aliyemweleza kwamba neno hilo litamfuata kwenye kila kazi atakayoiomba.

Hapa naomba wabunge mnisikilize vizuri. Ibara ya 99 ya Katiba inaorodhesha ni nani hawezi kugombea kiti chenu. Inamzuia mtu anayetumikia kifungo cha angalau miezi sita wakati wa kujiandikisha au siku ya uchaguzi. Halafu inaongeza kwamba hata huyo hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Ni kifungu kizuri. Kinamlinda mtu asiadhibiwe kabla ya neno la mwisho la mahakama, na ibara ya 50 inampa kila Mkenya haki ileile ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Basi inakuwaje mtu awe na kesi kubwa ya pesa za umma na bado aruhusiwe kutunga sheria za nchi nzima, lakini kijana mwenye shtaka la kuzurura lililotupwa hawezi kulinda geti la hoteli? Sura ya Sita ya Katiba, ya uongozi na maadili, iliandikwa kwa ajili ya maafisa wa serikali. Vyeti vinavyodaiwa kwa ajili yake, kikiwemo hiki cha polisi, vimeteremka hadi kwa kondakta wa matatu, mwalimu anayejiandikisha kwa mara ya kwanza na mfagiaji wa ofisi, na vilipoteremka vikaacha huko juu ule ulinzi wa rufaa.

Lile shtaka la kuzurura lenyewe linahitaji kutazamwa upya. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Arusha si mbali. Kosa ambalo majaji wa bara zima wamesema halifai kuwa kosa, lisimzuie mtu kuajiriwa.

Waingereza, waliotuletea kipande, kwao walishalitatua hili kwa sheria ya 1974. Huko cheti cha msingi, kile ambacho mwajiri yeyote anaweza kukiomba, kinaonyesha hukumu ambazo muda wake haujapita, basi. Aliyetozwa faini, baada ya miezi 12 haionekani tena. Tangu Oktoba 2023, aliyefungwa mwaka mmoja au chini yake hukumu yake inatoka miezi 12 baada ya kifungo kwisha, na aliyefungwa zaidi ya mwaka hadi miaka minne inatoka baada ya miaka minne. Aliyehukumiwa akiwa chini ya miaka 18, muda huo wa vifungo unakatwa nusu. Afrika Kusini, aliyehukumiwa kwa makosa madogo ya aina fulani anaweza kuomba rekodi yake ifutwe baada ya miaka 10. Sheria zetu hazina kifungu cha jumla cha namna hiyo. Msichana wa mahamri aliyekiuka kafyu na mtu aliyevunja benki wanabeba rekodi isiyo na tarehe ya mwisho.

Najua mtakalouliza, kwa kuwa wazazi huniuliza hilohilo. Na watoto wetu je? Anayekwenda kufundisha chekechea, anayekwenda kulea wazee, tufiche historia yake? Hapana. Mimi ni mama, na ningetaka mwalimu wa mwanangu achunguzwe mpaka ndani. Hao Waingereza wana vyeti vya ngazi tofauti: cha msingi kwa kazi za kawaida, na vya juu zaidi kwa kazi za kukaa na watoto na wasiojiweza, ambavyo huchimba hadi yale ya zamani. Sisi Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 tayari iliagiza kuwe na daftari la waliohukumiwa kwa makosa hayo. Daftari hilo litumiwe ipasavyo kwa kazi za watoto, na mpishi wa mkahawa asipitishwe kwenye mlango uleule wa mlezi wa watoto. Tunapomchuja kila mtu kwa chujio moja, wasio na hatia wananasa, na yule hatari ambaye rekodi yake imezama kati ya makosa ya kafyu na uzururaji hatumwoni upesi.

Kuna pia wasio na kesi yoyote, ila hawana alama. Mzee mmoja anachonga mawe kwenye timbo tangu utotoni. Fomu yake ilikataliwa mara tatu kwa kuwa alama hazisomeki. Nilimshika mkono pale kwenye ndoo: ncha za vidole zilikuwa laini kama kokoto za ufuoni, mistari yote imeliwa na mawe. Kinamama wanaofulia watu nguo kwa sabuni kali nao ni hivyohivyo. Alikuwa anaomba kazi ya kulinda nyumba, kazi ya kumpumzisha na timbo, na ni timbo hilohilo lililomnyima cheti. Wekeni utaratibu wa kumhudumia mtu wa aina hii, kwa mashine inayosoma vizuri zaidi au kwa hati ya afisa aliyemwona na kitambulisho chake, asiambiwe tu arudie.

Ninachokiomba, waheshimiwa, si kikubwa kuliko sheria mlizo nazo tayari. Ibara ya 35 ya Katiba inampa mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 40, inasema vivyo hivyo. Rekodi inayosema "alishtakiwa" ikanyamaza kuhusu "aliachiliwa" inapotosha, hata kama kila neno lake ni kweli. Kamishna wa Data, hili ni lako, usingoje kila kijana aje kulalamika peke yake. Mkurugenzi wa Upelelezi, cheti cha ajira kitaje alichohukumiwa mtu, kisitaje alichoshukiwa, na kesi iliyotupwa isionekane kwa mwajiri hata kwa kivuli. Mahakama inapomwachilia mtu, uamuzi uende wenyewe kwenye kumbukumbu za polisi siku ileile. Shilingi 1,050 za mama Mkisauni zinafika Nairobi kwa sekunde chache kupitia simu. Karatasi ya hakimu inashindwaje?

Mwanasheria Mkuu, tuleteeni sheria ya kuweka mwisho wa hukumu ndogo. Miaka mingapi, mjadiliane, lakini iwe na idadi. Nawajua mafundi seremala waliojifunza kazi wakiwa gereza la Shimo la Tewa, wakafanya hata mtihani wa ufundi wa serikali humohumo. Serikali iliyompa mtu cheti cha ufundi kwa mkono mmoja isimzuie kukitumia kwa mkono wa pili.

Wabunge, Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Ajira wa 2022, ulioletwa na mbunge wa Githunguri Gathoni Wamuchomba, ulitaka mwajiri asidai vyeti hivi mpaka awe yuko tayari kumwajiri mtu. Msiliache wazo hilo life. Kila wiki nachukua 1,050 kutoka kwa watu ambao hata hawajaitwa kwa mahojiano, na wengine wanarudi tena kwa cheti kipya kwa sababu kile cha kwanza kimepita mwaka na kazi haijapatikana. Ningepoteza wateja kama mngebadilisha hili. Badilisheni.

Mahakimu si wa kuamriwa na mimi, lakini naomba Idara ya Mahakama ifikirie jambo moja dogo. Kabla mtu hajajibu shtaka dogo, aambiwe kwa Kiswahili chepesi kwamba akikubali atakuwa na rekodi ya jinai itakayoonekana anapoomba kazi. Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika.

Tangu Juni 2024 nimekuwa na wateja wa aina nyingine kwenye benchi langu. Ni vijana waliokamatwa kwenye maandamano, baadhi wakaachiliwa bila kushtakiwa, wengine kesi zao zikaondolewa. Wanaogopa hata kuomba cheti wajue kilichoandikwa. Wapo walioondolewa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha ileile Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ambacho kinaruhusu shtaka kurudishwa baadaye, kwa hiyo hawajui kama wako huru au wamepewa likizo. Mmoja ana digrii ya uhasibu. Aliniuliza, nami sikuwa na la kumjibu, kwa hiyo nalileta kwenu kama alivyolisema, na ninaomba jibu la maandishi:

Mtu akiachiliwa na mahakama, alama zake zinatoka lini kwenye kumbukumbu zinazotumika kutoa cheti, na ni afisa gani, kwa cheo chake, anayewajibika kuzitoa?

Wenu,
Mwenye saiba, Kisauni, Mombasa